GPS ya pikipiki haichaji: ifuate njia ya umeme kabla ya kununua nyingine

Kila Oktoba ikikaribia na joto la Maskati likianza kulegea, vijana wetu huzifunua pikipiki zao na kupanga safari za Ijumaa. Wengine huishia Quriyat na Sur, wengine hupanda Nizwa na Jabal Shams, na wenye subira ya kukaa juu ya tandiko hujipangia Salalah, kilomita zipatazo elfu moja. Hapo ndipo malalamiko huanza: GPS iliyofungwa kwenye usukani haichaji. Alama ya umeme inaonekana, lakini asilimia inashuka. Au inachaji vizuri mjini, ikifika njia ya mawe inazima. Au inachaji asubuhi, ikifika adhuhuri inagoma. Wa kwanza wanayemwendea ni muuza duka, na jawabu la muuza duka aghalabu ni moja: hiki kimekufa, chukua kingine.

Mimi si fundi. Nilikuwa karani wa hesabu, na umeme nilifundishwa shuleni na padri mmoja aliyekuwa na chaki, waya na betri za tochi tu. Lakini kutafuta volti zilizopotea ni kazi ile ile ya kutafuta fedha iliyopotea vitabuni. Humshuki kwanza yule wa mwisho aliyeshika bahasha. Unaanzia pale fedha ilipotoka, unahesabu katika kila mkono iliyopitia, na pale hesabu inapopungua unasimama. Kwa pikipiki nilizozitazama mimi, chombo chenyewe ni mara chache kuwa na kosa.

Njia yenyewe ni hii. Umeme unatoka kwenye betri ya pikipiki, ambayo ni ya volti 12. Unapita kwenye fyuzi, unafuata waya chini ya tangi la mafuta, unafika kwenye kijisanduku kinachopunguza volti 12 kuwa 5, kisha unapita waya mwembamba hadi kwenye kitako kilichofungwa usukani, na mwisho unaingia ndani ya chombo, ama kwa tundu la USB ama kwa vipini vya shaba vilivyo mgongoni mwake. Kila kiungo hapo ni mlango, na kila mlango unaweza kulegea, kushika kutu au kukatika.

Kabla ya kuigusa pikipiki, kitoe chombo, kipeleke ndani kwenye kiyoyozi, kichomeke kwenye chaja ya ukutani kwa waya mzuri, na kiache usiku kucha. Asubuhi kikiwa kimejaa, basi betri yake ya ndani na tundu la USB ni nzima. Lakini hapa pana jambo ambalo wengi hulipita. Chombo kingi cha pikipiki kina milango miwili ya kuingizia umeme: tundu la USB, na vile vipini vya mgongoni vinavyokutana na kitako. Kujaa kwa njia ya USB nyumbani hakuthibitishi kwamba vipini vinafanya kazi. Ukiyachanganya haya mawili utazunguka wiki nzima.

Sasa tafuta mita ya kupimia umeme, ile ya waya mwekundu na mweusi. Ruwi inapatikana kwa riyali chache, na si lazima iwe ya fahari. Anza kwenye betri ya pikipiki. Injini ikiwa imezimwa na imepumzika, betri nzima iliyojaa inasoma kama volti 12.6 hadi 12.8. Washa injini, pandisha mwendo wake kidogo, na usome tena: inapasa iwe baina ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na ushei, pikipiki yenyewe haichaji betri yake, na GPS haina lawama yoyote. Tazama regyuleta na alteneta, maana joto la kwetu huzichosha. Ikipanda juu ya 15, simama hapo hapo. Regyuleta imeharibika na inaweza kuunguza kila kitu kilichochomekwa, GPS, simu na taa.

Betri ikiwa salama, nenda kwenye fyuzi. Usiitazame kwa macho tu, kwani uzi wa ndani unaweza kuonekana mzima na kumbe umepasuka kwa mtikiso. Pima volti upande huu na upande ule, zikilingana, pita.

Kinachofuata ndicho kinachowashinda mafundi wenye haraka: pima wakati chombo kimechomekwa na kinakunywa umeme. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utakuonyesha volti 12 kamili ukiwa hauna mzigo, na ukiupa mzigo unaanguka. Ni kama mtu asemaye ana fedha benki mpaka siku anapotakiwa kulipa.

Mtoto wa ndugu yangu alinijia mwaka jana na kisa cha namna hii. Yeye na wenziwe wawili walikuwa wakishuka jioni kutoka Hatt kwenda Wadi Bani Awf, njia ya mawe yenye mipindo mikali na bonde upande mmoja. Chombo kikazima, kikawaka, kikazima moja kwa moja. Simu yake, iliyokuwa ikichaji kwa waya ule ule, ilikuwa imebakiwa na asilimia 6, na mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima. Anayejua mabonde ya Oman anajua maana yake: mvua ikinyesha juu, maji huja chini hata mahali ambapo hapajadondoka tone. Wanakijiji waliwaweka mpaka asubuhi, Mungu awalipe. Aliporudi Maskati, duka moja likamwambia chombo na kitako vyote vimekwisha, avibadilishe, kwa bei iliyozidi riyali mia.

"Ami," aliniambia, "nimekwisha toa fedha benki, nakuja kukuonyesha tu."

Tuliweka waya mweusi wa mita kwenye ncha hasi ya betri, na waya mwekundu kwenye waya hasi wa kile kijisanduku cha kupunguza volti. Kipimo hiki kinapaswa kusoma karibu na sifuri, tuseme chini ya 0.2, kwa sababu sehemu zote mbili ni upande mmoja wa umeme. Pikipiki ikiwa imesimama ilisoma 0.2. Nilipomwambia autikise waya, tarakimu ziliruka hadi 6 na kurudi. Aliyeufunga alikuwa ameukaza waya hasi kwa skrubu kwenye chuma kilichopakwa rangi. Rangi haipitishi umeme. Ulikuwa ukipita kwenye hesi za skrubu tu, na kila jiwe la Wadi Bani Awf lilikuwa likiukata. Tuliupeleka waya moja kwa moja kwenye ncha hasi ya betri, na mita ikatulia kwenye 0.04. Fedha zikarudi benki.

Sasa nieleze kwa nini upande wa volti 5 ni mgumu kuliko ule wa 12. Kile kijisanduku ni kisamehevu. Ukikipa volti 14, 12 au hata 11, bado kinatoa 5, kwa hiyo upotevu mdogo kabla yake hauumi. Baada yake hakuna msamehevu tena. Kanuni ya Ohm inasema volti zinazopotea ni ampea mara ukinzani wa waya. Chukua waya mwembamba wa USB, mrefu wa mita mbili, wenye ukinzani wa ohm 0.4 kwenda na kurudi. Chombo kikivuta ampea 2, zinapotea volti 0.8. Ulianza na 5.1, umefika na 4.3, na chombo kingi kitakataa au kitachaji kwa kusuasua, asilimia zikishuka huku alama ya umeme inang'aa. Hiyo ndiyo siri ya ile alama ya uwongo: umeme unafika, ila hautoshi kulipa matumizi ya kioo chenye mwanga mkali.

Kwa hiyo kijisanduku kiwekwe karibu na usukani, na waya wa volti 5 uwe mfupi na mnene. Wengi hufanya kinyume, wanakificha chini ya tandiko na kuvuta waya mrefu wa USB hadi mbele. Kuna kijimita kidogo kinachochomekwa baina ya waya na chombo, kinaonyesha volti na ampea pamoja. Kikisoma chini ya 4.7 wakati wa kuchaji, badili waya kabla ya kubadili kitu kingine. Na vijisanduku vya bei ya chini kabisa vina ubaya mwingine: hutoa kelele ya redio inayoweza kuziba masikio ya GPS, maana mawimbi yanayotoka kwenye setilaiti ni dhaifu mno yanapotufikia. Ukiona chombo kinapoteza setilaiti kila unapochomeka chaja, mshuku huyo.

Tahadhari moja kuhusu waya wa USB. Baadhi ya vyombo vya Garmin vya zamani, vyenye tundu dogo la mini-USB, havikubali waya wowote tu. Ndani ya plagi ya waya wake wa gari kuna rezista ndogo inayokiambia chombo kwamba hapa ni garini. Ukitumia waya wa kawaida, chombo hudhani kimeunganishwa na kompyuta, kinaonyesha picha ya kompyuta na ramani inatoweka. Mtu huyo huenda dukani akisema GPS imeharibika. Haijaharibika, imedanganywa.

Vipini vya kitako ndivyo vinavyoteseka zaidi hapa Maskati. Tunakaa baina ya bahari na vumbi. Kwa mtu wa Mutrah, Qurum au Seeb, hewa ya usiku ina chumvi na unyevu, na asubuhi shaba imeanza kufanya ukungu wa kijani. Vipini hivi vimesimama juu ya springi ndogo. Mchanga ukiingia, kimoja kinanasa chini na hakigusi tena. Kibonyeze kila kimoja kwa kijiti cha mbao, vyote vinapaswa kurudi juu sawasawa. Visafishe kwa kijiti cha pamba cha masikio kilichotiwa spiriti, viache vikauke, na safisha pia vile vidoa vya shaba mgongoni mwa chombo. Usivikwangue kwa msasa. Vimepakwa ganda jembamba la kuzuia kutu, na ukiliondoa umekaribisha kutu mpya. Na usipeleke pikipiki kwenye mashine ya maji ya nguvu kitako kikiwa wazi. Kifuniko chake cha mpira hakikutengenezwa kwa urembo.

Bado kuna waya unaokatika shingoni mwa pikipiki, pale usukani unapogeukia. Nje mpira mzima, ndani shaba imevunjika kwa kukunjwa mara elfu. Washa chombo, geuza usukani taratibu kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa, na macho yako yawe kwenye alama ya kuchaji. Ikipepesa, umeupata. Waya mpya uachiwe ulegevu wa kutosha kwenye mzunguko huo, na usifungwe kwa nguvu hapo.

Nimeliacha joto nyuma, na pengine lingestahili kutangulia. Betri za lithiamu, ambazo ndizo zilizomo ndani ya GPS na simu zote, kwa kawaida hazipaswi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45 hivi. Chombo kizuri kinalijua hilo na kinakata chaji chenyewe. Quriyat, Juni 2018, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana. Sasa fikiria kifaa cheusi kilichokaa juani juu ya injini, kioo kimewashwa mwanga wa mwisho. Kikikataa kuchaji saa saba mchana na kukubali saa moja usiku, waya zako ni nzima na usibadili chochote. Anza safari kimejaa ili kisihitaji kuchaji mchana, punguza mwanga pale inapowezekana, kifunike kwa kitambaa cheupe mnaposimama. Usikitie kwenye sanduku la barafu pamoja na maji ya kunywa, maana ukikitoa kitatoa jasho ndani.

Vijana huniuliza, kwa nini tusitumie simu tu tukaachana na vitako? Ni hoja, na wengi wanafanya hivyo. Lakini simu inaungua juani kuliko GPS, na Apple wenyewe walitoa onyo mwaka 2021 kwamba mtikiso wa injini kubwa za pikipiki unaweza kudhuru kamera za iPhone. La muhimu zaidi kwangu ni kwamba simu ndiyo itakayopiga 9999 ukianguka. Kwenye barabara ya Adam hadi Haima na kuendelea Thumrait, kusema kweli, huhitaji GPS. Barabara imenyooka kama rula. Unahitaji simu yenye chaji. Basi simu isitegemee waya ule ule wa GPS. Kila kimoja kiwe na njia yake na fyuzi yake, au simu ikae mfukoni na betri ya akiba kwenye mkoba.

Kuhusu fyuzi nitasema kwa ukali kidogo. Nimeona kijana aliyechoka na fyuzi ya ampea 3 kuungua kila mara, akaweka ya 20, na mwingine akakunja karatasi ya sigara yenye bati. Waya ule unapita chini ya tangi la petroli. Fyuzi ikiungua mara mbili, mahali fulani waya umechubuka na unagusa chuma, tafuta hapo. Fyuzi kubwa haiondoi ugonjwa, inautafutia njia ya moto.

Na jambo la familia zinazokwenda Unguja au Mombasa likizo ya kiangazi. Kijisanduku kilichofungwa moja kwa moja kwenye betri, bila kupita kwenye swichi ya ufunguo, hunywa umeme hata pikipiki ikiwa imelala. Tuseme ni milliampea 20 tu. Kwa siku ni karibu nusu ya ampea-saa, na betri nyingi za pikipiki zina ampea-saa 10 au pungufu. Ukirudi baada ya mwezi, betri imekauka kabisa, na betri ya risasi iliyokaa tupu mwezi mzima haitarudi kama ilivyokuwa. Mwambie fundi aunganishe kupitia rilei inayofunguka kwa ufunguo. Ukisafiri muda mrefu, chomoa.

Ukienda kwa fundi Wadi Kabir au Ghala, nenda na karatasi. Andika: betri injini imezima, betri injini inawaka, volti mbele ya kijisanduku, volti 5 wakati wa kuchaji, na upande hasi umesoma ngapi. Mafundi wengi wetu huko husema Kihindi, Kibengali au Kimalayalam, na Kiarabu chetu na chao hukutana nusu njia. Tarakimu wanazisoma wote. Mtu akiona umekuja na vipimo vitano vimeandikwa kwa mpangilio, hakuambii tena kwamba kila kitu kimekufa. Anakuuliza ile ya tatu uliipima wapi.

Kwa wanaongoja kharif ya Salalah, kuanzia mwishoni mwa Juni, manyunyu ya kule ni mepesi lakini hayakatiki, na yanaingia mahali ambapo mvua kubwa haiingii. Viungo vyote vya waya vifunikwe kwa mpira unaobana kwa joto, tepu haitoshi. Paka grisi kidogo ya umeme kwenye plagi, funga kifuniko cha tundu la USB mpaka usikie kikibana, na waya unaoingia kwenye kijisanduku upinde kwanza chini kabla ya kuingia, ili maji yadondokee kwenye pindo na yasifuate waya hadi ndani. Fyuzi mbili za akiba na waya mfupi wa USB viwekwe chini ya tandiko, ndani ya mfuko wa plastiki.